Víctor Jara, Sajini Aliyechagua Gita

Mwezi wa Julai mwaka 1973, kituo cha televisheni cha Panamericana mjini Lima, nchini Peru, kilimkaribisha studioni mgeni kutoka nchi jirani ya Chile. Mgeni huyo hakufuatana na bendi, wala hakuletewa magita ya umeme na vipaza sauti vikubwa kama ilivyokuwa desturi ya wanamuziki wengi wa siku hizo. Alikuja na gita moja tu, gita kavu, akakaa mbele ya kamera akaimba, na baina ya wimbo na wimbo akawaeleza watazamaji alikotoka na kwa nini anaimba. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kipindi kilipokwisha mgeni aliaga, akarejea kwao. Miezi miwili baadaye alikuwa maiti iliyotupwa karibu na makaburi upande wa kusini wa mji wa Santiago, ikiwa na majeraha ya risasi 44.

Huyo ndiye Víctor Jara. Tunatambua kwamba wapo wasomaji wa ukurasa huu, askari na polisi wenzetu, watakaouliza mwimbaji wa Amerika ya Kusini anahusiana nini na watu wa magwanda wa huku kwetu. Tunawaomba wavumilie. Jara aliwahi kuvaa magwanda kama sisi, akatoka jeshini na sifa njema. Waliomuua nao walivaa magwanda yale yale. Kati ya mambo hayo mawili yamo maisha ya mtu ambaye mpigo wake wa gita unaigwa hadi leo na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1932 katika ukoo wa wakulima maskini, akakulia Lonquén, mashambani si mbali na Santiago. Baba yake, Manuel, alikuwa mkulima wa kwenye shamba la kabaila. Wakulima wa namna hiyo walipewa kibanda na kipande cha ardhi, nao wakalipa kwa jasho lao, na watoto wao pia walitakiwa kufanya kazi mara tu walipoweza kushika jembe. Manuel alitaka watoto wake wamsaidie shambani badala ya kwenda shule. Alikuwa mlevi, na nyumbani kwake mkono wake ulikuwa mzito.

Mama yake, Amanda, ndiye aliyeibeba nyumba. Mama huyu alikuwa mwimbaji wa kijijini, yule anayeitwa penye harusi, penye mavuno na penye msiba, akaenda na gita lake na kukesha. Katika nchi hiyo, mtoto mchanga alipofariki, watu walikesha wakiimba hadi alfajiri, na mara nyingi Víctor mdogo alilala miguuni pa mama yake huku gita likilia juu ya kichwa chake. Wanamuziki wa Ulaya waliojifunza shule hukaza nyuzi za gita kwa namna moja iliyokubaliwa. Wakulima wa Chile walikuwa na namna nyingi za kukaza nyuzi zao, kila eneo na desturi yake, na siri hizo zilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti bila kuandikwa popote. Jara alipokuja kuwa mtu mzima alirudi mashambani kuzitafuta nyimbo hizo kwa bibi vizee, kama vile wanavyofanya watafiti wetu wa ngoma za jadi.

Familia ilihamia Santiago, kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini, na Amanda akafungua meza ya chakula sokoni. Alipika usiku na mchana ili watoto wasome. Víctor alikuwa akisomea uhasibu. Gita alifundishwa na kijana jirani wa mtaani, kwa kutazama vidole vyake, maana mama hakuwa tena na nafasi ya kupiga. Mwaka 1950 Amanda alianguka akafa kazini, na kijana yule akabaki bila nanga. Aliacha uhasibu akaingia seminari ya mapadre huko San Bernardo. Alidumu humo takriban miaka miwili, akaona kwamba wito huo haukuwa wake, akatoka mwezi wa Machi 1952.

Hakukaa sana uraiani. Siku chache baadaye aliitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, akapelekwa Shule ya Askari wa Miguu iliyokuwa katika mji huo huo wa San Bernardo. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Waandishi wengi wanaosimulia maisha ya Jara hupita sehemu hii mbio, kana kwamba ni doa la kuficha. Sisi tunaona sivyo. Alitumikia kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akavumilia gwaride na mafunzo, akatoka mwaka 1953 na cheo cha sajini pamoja na taarifa nzuri kutoka kwa wakubwa wake. Alijua amri ni nini. Alijua pia jinsi kijana wa maskini anavyoweza kuipenda kombania inayompa viatu, chakula na wenzi. Baadaye alipoimba juu ya askari, hakuimba kama mtu anayewaona kwa mbali.

Alipomaliza jeshi alijiunga na kwaya ya Chuo Kikuu cha Chile, kisha akasoma sanaa ya maigizo katika chuo hicho, akawa mwongozaji wa michezo ya kuigiza mwenye sifa. Ni vyema kulisema hili, kwa kuwa wengi hudhani alikuwa mwimbaji tu. Kwa miaka mingi mshahara wake ulitoka kwenye jukwaa la maigizo, na gita lilikuwa kazi ya jioni. Huko ndiko alikokutana na mkewe Joan, mcheza dansi Mwingereza aliyekuwa akicheza na kundi la taifa la dansi la Chile. Mwaka 1957 alifahamiana na Violeta Parra, mama aliyekuwa akizunguka nchi nzima akikusanya nyimbo za wakulima, na mama huyo akamhimiza asiliache gita. Jara akaingia katika kundi la Cuncumén, lililoimba nyimbo za asili, akasafiri nalo hadi Ulaya.

Mwaka 1965 watoto wa Violeta, Ángel na Isabel, walifungua ukumbi mdogo ndani ya nyumba moja ya Santiago. Watu walikaa kwenye viti vifupi, wakanywa mvinyo kidogo, wakasikiliza gita kavu moja baada ya jingine hadi usiku wa manane. Jara aliimba humo kila wiki. Katika ukumbi usio na mitambo, sauti hafifu ya uzi mmoja ilisikika hadi nyuma. Tunaamini kwamba alipozoea hapo ndipo alipojifunza kutopiga kelele, na ustadi huo ndio alioupeleka baadaye mbele ya kamera.

Mwezi wa Julai mwaka 1969 lilifanyika tamasha la kwanza la Wimbo Mpya wa Chile, na Jara akashinda, pamoja na mwingine, kwa wimbo wake wa kumwomba mkulima ainuke. Tamasha hilo lilifanyika katika uwanja wa ndani uitwao Estadio Chile. Msomaji alikumbuke jina hilo.

Mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo polisi wenzetu watalipima kwa makini. Tarehe 9 Machi 1969, polisi wa Chile walitumwa kuwaondoa watu wasio na makazi waliokuwa wamevamia kiwanja katika mji wa Puerto Montt. Watu wapatao 10 walikufa kwa risasi, na mtoto mchanga akiwamo miongoni mwa waliopoteza maisha. Jara alitunga wimbo uliomwuliza waziri wa mambo ya ndani, akimtaja kwa jina, atajibu nini. Wimbo huo ulimletea umaarufu na maadui kwa pamoja, na aliwahi kutupiwa mawe alipouimba mbele ya wanafunzi wa shule ya matajiri. Waziri huyo mwenyewe aliuawa mwaka 1971 na kikundi cha watu wenye silaha. Hatusemi kwamba wimbo ulimuua, kwa maana wimbo haubebi bastola. Lakini si kweli pia kwamba Jara alikuwa malaika asiyeudhi mtu. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, aliimba kwenye mikutano ya siasa, na alichagua upande wake bila kuficha.

Upande huo ulishinda uchaguzi wa mwaka 1970, Salvador Allende akawa rais. Serikali yake ilitaifisha migodi ya shaba na kugawa mashamba ya makabaila, na matajiri wa nchi pamoja na Marekani wakaipinga kwa kila njia. Jara alifanya kazi katika idara ya mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Serikali, akiimba viwandani, migodini na vyuoni. Televisheni ya Taifa nayo ilitumia muziki wake. Wimbo wake mmoja usio na maneno, uitwao Charagua, uliambatana na katuni ya kimbwa kilichokuwa alama ya kituo hicho, hata watoto wadogo wasiojua siasa waliujua mpigo wa Jara kabla ya kujua jina lake.

Sasa turudi Lima, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

Peru ya mwaka 1973 ilitawaliwa na wanajeshi. Jenerali Juan Velasco Alvarado alikuwa ametwaa madaraka mwezi wa Oktoba 1968. Serikali yake, kinyume na serikali nyingi za kijeshi za bara hilo, ilitaifisha mafuta, ikagawa ardhi kwa wakulima kuanzia mwaka 1969, na kwa sheria ya mwaka 1971 ikachukua hisa asilimia 51 katika vituo vya televisheni. Jara alikwenda huko kwa mwaliko wa taasisi ya utamaduni ya taifa hilo, akapanda hadi Cusco na magofu ya Machu Picchu, akaimba, kisha akaingia studioni. Kwa hiyo serikali ya wanajeshi ndiyo iliyompa sajini yule wa zamani nafasi ya kuimba apendavyo mbele ya taifa zima. Sisi wenye sare tuna haki ya kulisema hili, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba gita na bunduki haviwezi kukaa katika chumba kimoja.

Katika kipindi kile aliimba, miongoni mwa nyimbo nyingine, wimbo wa Amanda, alioutunga mwaka 1968 alipokuwa Uingereza kwa masomo, akiwa mbali na binti yake mdogo mwenye jina la mama yake mzaa baba. Ni hadithi ya msichana anayekwenda kumwona mchumba wake, mfanyakazi wa kiwanda, katika dakika chache za mapumziko, na mchumba huyo baadaye anakwenda milimani kupigana na harudi. Mpigo wake si wa kuonyesha ubingwa. Kidole gumba kinashika nyuzi nene kama mwendo wa mtu atembeaye, na vidole vingine vinachambua nyuzi nyembamba juu yake. Mpiga gita wa mwaka wa kwanza anaweza kuufuata. Kuupiga bila kuuharibu ni jambo jingine.

Kisha kuna wimbo wa haki ya kuishi kwa amani, alioutunga kwa ajili ya Ho Chi Minh na watu wa Vietnam. Katika sahani ya santuri ya mwaka 1971, wimbo huo ulipigwa pamoja na vijana wa bendi ya roki ya Santiago iitwayo Los Blops, kwa magita ya umeme. Wako wanachama wenzake walionuna, wakiona kwamba umeme ni mambo ya mabeberu. Mjini Lima hakukuwa na Los Blops. Jara alilazimika kuubeba wimbo wote kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba wimbo ule ulisimama wenyewe bila msaada.

Yeyote aliyejifunza gita kambini anajua tunachokisema. Santuri na redio humpa mwanafunzi sauti, lakini hazimpi vidole. Huku kwetu vijana waliotaka kupiga kwa mtindo wa Katanga, ule wa Mwenda Jean Bosco, walimtafuta mtu aliyeujua, wakakaa mbele yake bwaloni, wakatazama jinsi kidole gumba na kidole cha shahada vinavyopokezana. Asiyekuwa na mtu wa kumtazama alibahatisha. Televisheni iliondoa tatizo hilo: kamera ilimketisha mwalimu mbele ya kila mwanafunzi, na mwalimu huyo hakuchoka kurudia. Lakini ilihitaji mtu mmoja na gita moja. Bendi ya watu kumi ikionyeshwa, macho hutangatanga na vidole havionekani. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, vipindi vya gita kavu vimefundisha wapiga gita wengi kuliko matamasha makubwa yenye taa za rangi.

Jara alirejea Chile ikiwa inachemka. Mwezi wa Agosti mkuu wa majeshi, Jenerali Carlos Prats, aliyeshikilia kwamba jeshi ni la katiba na si la chama, alijiuzulu baada ya kuandamwa na maofisa wenzake, na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Augusto Pinochet. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yaliasi, ndege zikaipiga ikulu, Rais Allende akafa humo. Siku hiyo Jara alitarajiwa kuimba chuoni kwake katika ufunguzi wa maonyesho ambayo rais mwenyewe angehudhuria. Alikwenda kazini hata hivyo. Wafanyakazi na wanafunzi walilala chuoni kwa sababu ya amri ya kutotoka nje, na asubuhi ya tarehe 12 wanajeshi walikizingira chuo, wakakishambulia, wakawateka wote.

Mateka walipelekwa Estadio Chile, uwanja ule ule aliotwaa tuzo miaka minne nyuma. Maelfu walisongamana humo. Jara alitambuliwa na ofisa mmoja mlangoni, akatolewa kwenye mstari, na tangu hapo hakutendewa kama mateka wengine. Mashahidi walieleza jinsi alivyopigwa siku baada ya siku, mikono yake ikapondwa. Zimeenea hadithi kwamba mikono ilikatwa kabisa. Hilo si kweli, na halihitaji kutiwa chumvi. Katika vipindi vya nafuu aliomba karatasi na penseli, akaandika shairi lake la mwisho, ambalo wenzake walilinakili na kulitoa nje kwa siri. Baina ya tarehe 15 na 16 Septemba alipigwa risasi. Pamoja naye aliuawa Littré Quiroga, na tunawaomba askari magereza walishike jina hilo, kwa kuwa Quiroga alikuwa mkurugenzi mkuu wa magereza ya Chile, mtu wa sare, aliyejisalimisha mwenyewe. Miili yao ilikutwa pamoja.

Sisi tuliopita chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba mateka ni amana. Akishaweka mikono juu, vita vyake vimekwisha, na aliyemteka anawajibika kwa chakula chake, maji yake na uhai wake. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema hivyo hata kwa mapambano ya ndani ya nchi. Hakuna amri halali ya kupiga risasi mtu aliyefungwa, na ofisa anayeitoa hatoi amri bali anaomba washiriki katika uhalifu. Tumesikia askari wakijitetea kwamba hali ilikuwa ya vurugu. Katika Estadio Chile, siku ya nne baada ya mapinduzi, hapakuwa na vurugu. Milango ilikuwa imefungwa na waliokuwa na silaha walikuwa wa upande mmoja.

Mfanyakazi kijana wa ofisi ya vitambulisho ndiye aliyeutambua mwili katika nyumba ya maiti, akahatarisha maisha yake kwenda kumwarifu Joan. Mama huyo alimzika mumewe tarehe 18 Septemba, kimya kimya, akiwa na watu wawili watatu tu. Magazeti hayakusema kitu, isipokuwa moja lililotoa habari fupi kana kwamba mtu amefariki kwa maradhi. Usiku ule televisheni, iliyokuwa sasa chini ya ulinzi wa wanajeshi, ilionyesha filamu ya Kimarekani. Katikati ya filamu hiyo, kwa sekunde chache, ikasikika sauti ya gita la wimbo wa kumwomba mkulima. Fundi fulani aliichomeka, na jina lake halikujulikana. Tunadhani katika historia yote ya televisheni hakuna mpigo mfupi wa gita uliopigwa kwa gharama kubwa kiasi kile.

Santuri zake zilipigwa marufuku, na kanda nyingi za asili zikaharibiwa. Hata vyombo vya kiasili vya milimani, kama charango na filimbi ya quena, vilitazamwa kwa jicho baya, mtu akikutwa navyo akaonekana mshukiwa. Joan alitoka nchini mwezi uliofuata pamoja na binti zake wawili na kile alichoweza kukiokoa. Kundi la Quilapayún, ambalo Jara alilielekeza tangu mwaka 1966 hadi 1969, lilikuwa Ufaransa wakati wa mapinduzi, na Inti-Illimani walikuwa Ulaya pia. Hawakuruhusiwa kurudi kwa miaka mingi. Hivyo, picha za Lima zilizohifadhiwa nje ya mipaka ya Chile zikawa na thamani ambayo hakuna aliyeitazamia siku zilipopigwa.

Miongoni mwa waliopigania jina lake alikuwa Phil Ochs, mwimbaji wa Marekani aliyekutana naye Chile mwaka 1971. Hapa dunia inaonekana ndogo. Ochs alizuru Afrika Mashariki mwaka 1973, akarekodi Nairobi wimbo wa Kiswahili pamoja na bendi ya huko, na mjini Dar es Salaam akavamiwa na wezi waliomkaba koo hata sauti yake ikaharibika. Kwa sauti hiyo iliyoharibika alipanga onyesho la tarehe 9 Mei 1974 mjini New York kuwasaidia watu wa Chile, akamshawishi hata Bob Dylan apande jukwaani. Ochs alifariki mwaka 1976. Joan Baez naye aliurekodi wimbo wa Amanda kwa Kihispania mwaka 1974, na tangu hapo haukuwa tena wimbo wa Chile peke yake.

Ndani ya Chile, vijana wa miaka ya giza walijifunza nyimbo hizo kutoka kaseti zilizonakiliwa mara nyingi hata sauti ikafanana na mvua juu ya bati. Waliofuata walipata kanda za video, na baadaye intaneti, ambako kipindi cha Lima kinatazamwa na yeyote mwenye simu. Kila mwaka Santiago huandaliwa mkusanyiko wa magita elfu moja kwa ajili ya Jara. Tarehe 12 Septemba 2013, Mmarekani Bruce Springsteen alisimama na gita mjini Santiago akaimba kwa Kihispania wimbo wa Jara uitwao Manifiesto. Na mwezi wa Oktoba 2019, maandamano yalipozuka na serikali kutoa wanajeshi barabarani, mwimbaji mmoja wa opera aliimba dirishani, katika saa za amri ya kutotoka nje, wimbo wa haki ya kuishi kwa amani. Siku chache baadaye umati ulikusanyika na magita kavu mbele ya Maktaba ya Taifa ukaupiga kwa pamoja. Hawakuupiga kama ulivyo katika santuri ya mwaka 1971. Waliupiga kama ulivyopigwa studioni Lima, na tunathubutu kusema ndiko wengi wao walikoupata.

Uwanja ule uliitwa Estadio Víctor Jara kuanzia mwaka 2003. Mwaka 2009 mwili ulifukuliwa kwa amri ya mahakama, wataalamu wakaupima, na mwezi wa Desemba maelfu ya watu walimsindikiza katika mazishi ambayo mwaka 1973 yalifanyika kwa woga.

Kesi ilikwenda polepole mno. Kilichoifungua hasa ni ushahidi wa watu waliokuwa vijana wa jeshi kwa mujibu wa sheria mwaka 1973, waliolinda milango ya uwanja, waliosikia na kuona, wakakaa na siri hiyo hadi nywele zikawa mvi. Hawa hawakuwa na vyeo. Mwaka 2018 maofisa wastaafu walihukumiwa, na tarehe 28 Agosti 2023, karibu miaka 50 baada ya tukio, Mahakama Kuu ya Chile ilithibitisha adhabu za saba kati yao. Mmoja, mwenye umri wa miaka 86, alijiua polisi walipofika nyumbani kwake kumchukua. Luteni wa zamani, Pedro Barrientos, alikuwa ameishi Florida tangu mwaka 1990. Baraza la wazee wa mahakama ya huko lilimwona mwaka 2016 kuwa mwenye dhamana ya kifo hicho katika kesi ya madai. Marekani ilimnyang'anya uraia mwaka 2023.

Joan Jara alifariki Santiago tarehe 12 Novemba 2023, akiwa na miaka 96. Barrientos alishushwa kutoka kwenye ndege katika mji huo huo tarehe 1 Desemba, na polisi wa Chile wakampokea.